Mzazi Aliyekosa Usingizi

Shangazi mtukufu,
Nilizaliwa Awendo, Migori, nikaolewa Mbita, Homa Bay, ambako mume wangu huvua omena usiku na kulala mchana. Mtoto wetu wa kwanza ana wiki saba. Tangu azaliwe nalia bila sababu, na hata yeye akilala mimi silali. Nilipokuwa mjamzito, mkunga wa kliniki alitufunza kukaa kimya na kufuata pumzi zetu. Mama mkwe ameniona nikifanya hivyo, asema ni ibada ya kigeni, na kwamba ningemshukuru Mungu kwa mtoto ningepona. Je, niache?
Mwenye Dhiki, Mbita

Mwanangu,
Waraka wako nimeusoma mara mbili, na kabla ya kuingia katika suala la pumzi, yafaa nikuondolee hofu iliyojificha baina ya mistari yako: hukukosa shukrani, wala mapenzi yako kwa mtoto hayana ila. Machozi ya siku za mwanzo huwapata wazazi wengi, na aghalabu hukauka yenyewe kabla ya wiki mbili kutimia. Lakini yakidumu hadi wiki ya saba, na usingizi ukakukimbia hata mtoto alalapo, yamkini ni maradhi ya akili, hasa sonona, ambayo kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani huwashika takriban mama mmoja katika kila watano waliojifungua katika nchi kama zetu.

Ama hayo mazoezi, mimi nayaita kuhudhurisha moyo, yaani mwili na fikra kuwa mahali pamoja, kama tutakiwavyo tunaposali. Mavyaa wako hakukosea kabisa, kwani asili yake ni taamuli za Kibuddha. Lakini Jon Kabat-Zinn, alipoyaingiza katika tiba mwaka 1979 kwenye Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, aliyatenga na ibada, yakawa mafunzo ya wiki nane yasiyo na dua wala kiapo, wala kumtaka mtu aiache dini yake. Usiyaache. Yafanye unaponyonyesha, maana hapo umekwisha kukaa: sikia uzito wa mtoto mapajani, joto la kinywa chake, pumzi yako iingiayo na itokayo, na fikra ya kwamba wewe ni mama mbaya ikija, usishindane nayo wala usiikaribishe, itambue kuwa ni fikra tu, kisha urejee kwenye pumzi, hata mara mia. Dakika tano zatosha. Dhiki ya usiku hukua kwa fikra moja kuzaa ya pili, na ya pili ya tatu, hata kukakucha. Aionaye ile ya kwanza ikija huweza kuukata uzao wake. Lakini kimya hicho kikikuzidishia hofu, kiache, umweleze tabibu.

Hata hivyo, pumzi haiteki maji. Mwanamke aamkaye mara nne usiku, kisha akaanika omena juani na kupika, ana haja ya usingizi kabla ya mafunzo yoyote. Kwetu pwani mzazi hukaa arubaini, akikandwa kwa maji moto na kupikiwa uji, kazi zake zikifanywa na mikono ya wengine, nami naamini desturi ile ilikuwa tiba tangu zamani. Mumeo arudipo alfajiri na ampokee mtoto kwa saa mbili kabla hajalala; na mavyaa wako, ambaye naye alipata kuwa mzazi mchanga, mwombe mapishi na kuni, umwombe pia akusindikize kliniki.

Maana kliniki lazima uende, juma hili hili. Omba uulizwe maswali kumi ya Edinburgh, yapimayo sonona ya mzazi, yaliyotungwa mwaka 1987, na uyajibu kwa kweli, hasa la kumi, liulizalo kama umewaza kujidhuru. Usiogope sheria: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, ni kinyume cha Katiba. Wala usiogope dawa ukiandikiwa, kwani zipo ambazo mama huzitumia huku akinyonyesha.

Na ikiwa fikra ya kujidhuru, au kumdhuru mtoto, imekwisha kukujia, usiingoje siku ya kliniki. Mwamshe mumeo mchana huo huo, umwambie. Ama upige 1199, simu ya Msalaba Mwekundu, isiyo na malipo.