Kihenge cha Mwili: Somo kwa Watunzao Wazee

Mwezi huu twataka kusema juu ya jambo ambalo kila mwinjilisti ameliona azungukapo mtaani kuwaamkia wazee. Mzee aliyekuwa akija ibadani kwa miguu yake huanza kuja na mkongojo; baadaye haji tena; mwisho twamkuta kitandani, mapaja yamekuwa membamba, wala hawezi kuinuka pasipo kushikwa. Twauliza, "Anaumwa nini?" Watu wa nyumbani hujibu, "Haumwi kitu, ni uzee tu." Neno hili, "ni uzee tu", ndilo tutakalolipima katika somo hili.

Nchi yetu ya Ugogo yaijua njaa. Wazee wetu walisimuliwa habari za Mtunya, njaa kubwa ya miaka 1917 hata 1920, iliyoua maelfu ya watu. Njaa ya namna ile haifichiki. Lakini iko njaa nyingine ikaayo katika nyumba yenye chungu mekoni: mzee hula kila siku, tumbo hushiba, lakini misuli yake haipati kitu.

1. Misuli ni nini?

Misuli ni ile nyama ya mwili iliyoshikamana na mifupa, ituwezeshayo kusimama, kutembea, kulima na kuinua mtoto. Lakini si ya kazi hizo tu. Misuli ni kihenge cha mwili. Mtu apatwapo na homa au kidonda, mwili huingia katika kihenge hicho na kutwaa vitu vya kupigana na ugonjwa na kuponya jeraha. Mwenye kihenge kitupu huugua siku nyingi, na akianguka huvunjika upesi.

Kihenge hiki huanza kupungua polepole mtu apitapo miaka 40. Baada ya miaka 50 hupungua kadiri ya sehemu moja katika mia kila mwaka, na nguvu hupungua upesi kuliko nyama yenyewe. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg, aliipa hali hii jina la sakopenia, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya upungufu wa nyama. Basi uzee una sehemu yake, hatukatai. Lakini uzee peke yake huenda mwendo wa kinyonga. Ukiona mzee amekonda katika miezi miwili au mitatu, ujue yuko mwizi mwingine.

2. Wezi wa kihenge

Mwizi wa kwanza ni ugonjwa. Kifua kikuu, UKIMWI, saratani, kisukari na udhaifu wa moyo huula mwili hata kama mgonjwa anakula. Huko Uganda, katika miaka ya 1980 na kitu, watu waliuita UKIMWI kwa jina la Kiingereza lenye maana ya wembamba, kwa jinsi ulivyowakondesha wagonjwa. Kwa hiyo mzee akondaye upesi, au akohoaye wiki mbili na zaidi, apelekwe hospitali kwanza. Uji mzuri hauponyi kifua kikuu.

Mwizi wa pili ni kulala. Wataalamu waliwalaza wazee wenye afya njema kitandani siku 10 tu, nao wakapoteza nyama ya miguu ipatayo kilo moja. Ikiwa mzima hupoteza hivyo, mgonjwa je?

Mwizi wa tatu ni chakula kisicho na vitu vya kujenga mwili, yaani protini.

3. Kosa letu wenyewe

Hatusemi haya kama wasiokosa. Mama yetu mzazi alipokuwa mjane tulimtoa kijijini, tukamleta mjini Dodoma akae nasi. Kijijini alikuwa akichuma mlenda, akitwanga karanga, akifuata kuni. Kwetu tulimwambia, "Mama, umefanya kazi ya kutosha, sasa keti." Akitaka kufagia tulimnyang'anya ufagio. Kwa kuwa meno yake yalikuwa machache, tulimpikia uji wa sembe wenye sukari, asubuhi na jioni. Tulidhani ndiyo heshima.

Baada ya mwaka mmoja hakuweza kupanda ngazi mbili za kanisa. Siku ya Meza ya Bwana alibaki katika benchi, nasi tulimpelekea pale alipo, huku tukijua moyoni kwamba alikuja kwetu akitembea. Muuguzi mmoja alimtazama akatuuliza maswali mawili: "Anakula nini? Anafanya nini kutwa?" Hatukuwa na jibu jema hata kwa moja. Amri ya nne twaifundisha kila mwaka; kumbe mtu aweza kumheshimu mama yake hata akamdhoofisha.

4. Chakula chetu chatosha, kikipangwa

Wataalamu washauri mzee apate protini gramu 1 mpaka 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, na mgonjwa hata zaidi. Basi mzee wa kilo 50 ahitaji gramu 50 mpaka 60 kwa siku. Je, yatupasa kununua nyama kila siku? La. Tazama hesabu hii: robo kilo ya unga wa uwele, kama gramu 25, gramu 50 za kunde kavu, kama 12, gramu 30 za karanga, kama 7, nusu lita ya maziwa, kama 16. Jumla ni 60. Lakini robo kilo ya unga wa muhogo haifiki hata gramu 6.

Tena nafaka na kunde husaidiana: kilichopungua katika uwele na mtama kimo katika kunde, choroko na njugumawe. Yai moja ni kama gramu 6. Asiye na meno apikiwe kunde zilizopondwa, mlenda uliotiwa karanga zilizosagwa, na uji wa uwele wenye maziwa. Agawiwe kidogo kidogo katika milo mitatu, wala asiachiwe mchuzi baada ya vijana kumaliza mboga. Miezi ya Januari hata Machi, kabla ya mavuno, ndiyo ya kumwangalia zaidi.

Maonyo mawili. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu yatupwe. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumu ya ukungu iliyokuwa katika mahindi. Tena mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kabla ya kuongezewa vyakula hivi.

5. Chakula bila mwendo hakitoshi

Mwaka 1990 daktari Maria Fiatarone wa Boston aliandika habari za wazee dhaifu wa miaka ipatayo 90, waliozoezwa kuinua uzito kwa miguu yao muda wa wiki 8. Nguvu za miguu yao ziliongezeka zaidi ya mara mbili. Ikiwa hao waliweza, wetu pia waweza. Mzee asimame na kuketi mara kadhaa kila siku, atembee mpaka kwa jirani, apepete nafaka, achambue mboga. Kazi ndogo si dharau kwake, ni dawa.

Kumbukeni habari za Eliya jangwani, alipochoka hata akataka kufa. Malaika alimletea mkate na maji, tena akamwamsha ale, ndipo akaenda safari ndefu. Chakula kwanza, kisha mwendo: vyote viwili.

6. Namna ya kupima

Mwombe mzee aketi katika kiti imara, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano. Akizidi sekunde 15, au akishindwa, misuli yake ni dhaifu. Tena pima shavu la mguu kwa utepe wa fundi cherehani. Likiwa chini ya sentimeta 31, aangaliwe. Kipimo hiki hakihitaji daktari. Kila mzee wa kanisa aweza kukitumia.

Mama yetu hakurudi kuwa msichana. Lakini tulimrudishia ufagio na karanga zake, na baada ya miezi alizipanda zile ngazi, mkono mmoja ukishika ukuta.

Maswali ya kuzungumza mitaani:
1. Wako wazee wangapi mtaani kwetu wasiofika tena ibadani? Nani amewapima?
2. Katika nyumba zetu, nani hupakuliwa mboga kwanza, na nani mwisho?
3. Ni kazi gani tumewanyang'anya wazee wetu kwa kudhani twawaheshimu?