Vigeu Visivyotumiwa na Ukali wa Kompaila: Mfano wa Hesabu za Majani Chai Embu na Meru

Utangulizi
Katika taaluma ya programu za kompyuta, kigeu ni jina linalotengewa thamani fulani ili itumike baadaye. Kompaila nayo ni programu inayogeuza maagizo ya mwandishi kuwa lugha ya mashine. Makala hii inachunguza jinsi kompaila kali inavyokishughulikia kigeu kilichotangazwa lakini hakikutumiwa, na inashikilia kwamba ukali huo huilinda maana bila ya kuweza kuihakiki.

Mfano wa Majani Chai
Katika miteremko ya Mlima Kenya, Embu na Meru, wakulima wengi wadogo wa chai hulipwa kila mwezi kwa kilo walizowasilisha, kisha hupata bonasi baadaye. Kwa mfano wa kubuni, mkulima amewasilisha kilo 1,000 kwa mwaka. Hulipwa shilingi 25 kwa kilo, na bonasi ni shilingi 30 kwa kilo. Mapato yake ni shilingi 55,000. Mwandishi wa programu akikokotoa kigeu "bonasi" kisha asahau kukijumlisha, hesabu ya mkulima itaonyesha shilingi 25,000 tu. Hakuna kanuni ya sintaksia iliyovunjwa. Kilichopotea ni jasho la mtu.

Misimamo Miwili
Kompaila za lugha ya C kwa kawaida huipitisha programu hiyo. Zikiagizwa, hutoa onyo, na onyo hupuuzika. Lugha ya Go, iliyotangazwa na Google mwaka 2009, hulihesabu jambo hilo kuwa kosa. Kompaila yake hukataa kuunda programu hadi kigeu kitumiwe au kiondolewe, na kukipa kigeu thamani si kukitumia. Hata hivyo, kanuni hii inahusu vigeu vilivyotangazwa ndani ya fanksheni pekee. Aidha, mwandishi anaweza kukitupa kigeu kwenye kistari cha chini. Kompaila itanyamaza, na mkulima atabaki na pungufu lake.

Hitimisho
Mwanafunzi wa fasihi ataitambua hali hii. Sarufi haimkatazi mtunzi kumtaja mhusika kisha kumsahau. Mhakiki ndiye anayeuliza mhusika huyo alikuwa na kazi gani. Kompaila ya Go imepewa sehemu ndogo tu ya uhakiki: huuliza iwapo jina limetumiwa, wala haiulizi iwapo limetumiwa ipasavyo. Bonasi ikipunguzwa kwenye jumla badala ya kuongezwa, itapita bila pingamizi. Kwa hivyo, dhamana ya maana inabaki mikononi mwa binadamu anayesoma.