Kiimbo Kilichopotea na Kurejea: Maandishi, Sauti na Picha katika Ujumbe wa Rununu

Utangulizi

Nomino "ujumbe" ina mnasaba na "mjumbe". Katika mawasiliano ya ana kwa ana, ujumbe ulifika pamoja na mtu: sauti yake, uso wake na ishara za mikono yake. Arafa ilitenga maneno na vyote hivyo. Makala haya yanachunguza kile ambacho lugha ilipoteza kwa mtengano huo, na kiasi ambacho ujumbe wa sauti na picha umekirejesha. Mifano imebuniwa kwa kuzingatia mazingira ya Voi, Taita Taveta.

Mipaka ya arafa

Arafa ya kwanza ilitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Kikomo chake kilikuwa herufi 160, nafasi zikiwemo. Watumiaji wa Kiswahili walibuni vifupisho kama vile "cjui" kwa maana ya "sijui" na "2taonana" kwa maana ya "tutaonana". Vifupisho hivi hutegemea matamshi ya Kiingereza ya herufi "c" na tarakimu "2". Hivyo, asiyeijua lugha hiyo hupata taabu kuvisoma.

Hasara kubwa zaidi ni ya kiimbo. Kiswahili hakilazimiki kubadili mpangilio wa maneno ili kuunda swali la ndiyo au la. Sentensi "Maji yamefika" huwa taarifa au swali kutegemea kupanda na kushuka kwa sauti. Mama aliye Sagala akimwandikia mwanawe mjini Voi maneno hayo bila kiulizi, mwana atadhani anaarifiwa kuwa mifereji ya nyumbani ina maji, kumbe anaulizwa kuhusu ya mjini.

Sauti

Kuanzia mwaka 2002, kampuni za simu Ulaya zilianza kuuza huduma ya kutuma picha, sauti na video. Ujumbe wa aina hiyo huhifadhiwa kwanza katika kituo cha kampuni. Simu ya mpokeaji huarifiwa, kisha huuchukua kupitia mtandao wa data. Simu isiyokuwa na uwezo huo haikuweza kuufungua. Baadaye programu za intaneti, mathalani WhatsApp iliyoanzishwa mwaka 2009 na kuongeza ujumbe wa sauti mwaka 2013, zilirahisisha mawasiliano haya.

Kwa sauti, swali la mama hujulikana mara moja kuwa swali. Manufaa hayo hayaishii kwenye Kiswahili. Kidawida, kama lugha nyingi za Kibantu, hutumia toni, na tahajia ya kawaida aghalabu haizionyeshi. Mzee asiyezoea kuiandika lugha yake anaweza kuituma jinsi anavyoizungumza.

Picha

Picha nayo ina mipaka yake. Tuchukue mkulima wa Sagala ambaye mahindi yake yameliwa na ndovu. Sheria ya Kenya ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua madai ya fidia kwa mazao yaliyoharibiwa. Mkulima akituma picha pamoja na maneno "Wameingia hapa jana", viashiria "hapa" na "jana" humwelea mpokeaji wa kwanza tu. Picha ikipitishwa kwa mtu wa tatu baada ya wiki moja, "jana" hiyo imepoteza tarehe yake na "hapa" pamepoteza mahali pake. Picha inaonyesha uharibifu; jina la kijiji, tarehe na mwenye shamba huhitaji maneno kamili. Mkulima asiyeyaandika huenda akashindwa kuthibitisha dai lake.

Hitimisho

Imebainika kuwa sauti hurejesha kiimbo na toni, ilhali picha huhitaji lugha iliyo bayana zaidi. Uchunguzi wa lugha ya rununu ukikomea kwenye vifupisho vya arafa, utaacha nje sehemu kubwa ya usemi wa watu. Wanafunzi wa isimu wana wajibu wa kukusanya ujumbe wa sauti pia, kwa idhini ya wasemaji, na kuunukuu pamoja na viimbo vyake.

Swali la mjadala: Ni sentensi zipi nyingine za Kiswahili ambazo maana yake hubadilika kwa kiimbo pekee?