Talanta mbili na ova sitini

Somo: Mathayo 25:14–30



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Mkuu. Baada ya mazoezi ya kwaya kijana mmoja akanivuta pembeni: "Frateri, mimi nimepata daraja la nne. Wenzangu wako vyuoni. Hivi nihangaike na ufundi wa nini? Naona Mungu alinisahau." Nilimwambia nitamwombea. Jibu lenyewe nililipata baadaye, tena kwenye kriketi, mchezo ambao huku kwetu mlimani wengi hatuujui.

Juni 1975 Uingereza iliandaa Kombe la Dunia la kwanza la kriketi la wanaume. Timu zilikuwa nane. Mojawapo iliitwa Afrika Mashariki: wachezaji wa ridhaa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha akiwa Harilal Shah. Kutoka kwetu walikuwemo Praful Mehta na Shiraz Sumar.

Tarehe 7 walikutana na New Zealand. Mchezaji mmoja, Glenn Turner, alipata mikimbio 171 peke yake. Timu nzima ya Afrika Mashariki ikapata 128. Kisha wakafungwa na India, wakafungwa na Uingereza. Mechi tatu, vipigo vitatu.

Lakini kuna jambo dogo kwenye matokeo ya siku ile ya kwanza. Kila timu ilipewa ova 60, na New Zealand walikuwa wameshafikisha 309. Ushindi haukuwepo tena. Hata hivyo vijana wetu walipiga mpaka ova ya 60 ikaisha, bila kutolewa wote.

Sasa fungua Injili. Linganisha aya ya 21 na ya 23. Aliyeleta faida ya talanta tano na aliyeleta faida ya mbili wanapokea sifa ileile na furaha ileile ya Bwana. Mbili hazikuhesabiwa kuwa aibu. Anayelaumiwa ni yule aliyeogopa, akachimba shimo. Kahawa ni hivyohivyo: mbegu nzuri ikibaki mfukoni haitakuwa mbuni kamwe.

Na muda si wetu. Don Pringle, mmoja wa wachezaji wa timu ile, alifariki kwa ajali ya gari Nairobi Oktoba mwaka uleule. Hakumwona mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, akiichezea Uingereza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1992. Alichokuwa nacho alikuwa ameshakitoa uwanjani.

Kwa hiyo ndugu yangu wa kwaya, sikuahidi kwamba ufundi utakutajirisha. Nakuambia tu kwamba Bwana hatakuuliza talanta za mwenzako. Atauliza zako. Na mimi, ambaye darasani sijawahi kuwa wa kwanza, nalihitaji neno hili kama wewe.

Tujiulize:
1. Ni talanta gani nimeifukia kwa kuogopa kuchekwa?
2. Ninajipima kwa macho ya nani?
3. Wiki hii nitafukua nini, na nitaanza lini?

Tusali: Ee Bwana, utuondolee wivu na woga. Utupe moyo wa kutumia kidogo ulichotukabidhi, mpaka mwisho. Amina.