Ndumakuwili: Kutoka Kitabuni hadi Filamu

Chama chetu kinataka kutayarisha filamu fupi kwa ajili ya tamasha la drama na filamu, na wengi wamependekeza hadithi ya Daktari Jekyll na Bwana Hyde. Nimeombwa nieleze jinsi kitabu kinavyogeuzwa filamu.

Robert Louis Stevenson, Mskoti, alichapisha hadithi hiyo mwaka 1886. Daktari anayeheshimika sana London anakunywa dawa na kugeuka Hyde, mtu katili. Mwishowe anageuka hata bila dawa.

Mambo ya kuzingatia ni haya:

(a) Siri. Kitabuni tunamfuata wakili Utterson, na hatujui kwamba Jekyll na Hyde ni mtu mmoja mpaka karibu na mwisho. Siku hizi siri hiyo inajulikana, kwa hiyo filamu nyingi humfuata Jekyll mwenyewe.

(b) Uso. Kitabuni, wanaomwona Hyde wanamchukia lakini hawawezi kueleza kasoro yake. Kamera lazima ionyeshe uso. Katika filamu ya Rouben Mamoulian ya 1931, mwigizaji Fredric March alipakwa rangi ambazo hazikuonekana mpaka kichujio kwenye lenzi kilipobadilishwa. Kwa kuwa picha haikuwa ya rangi, watazamaji waliona uso ukigeuka hivi hivi. March alipata tuzo ya Oscar.

(c) Mazingira. Wenzangu wanasema hapa Kakamega Hyde awe mkimbiaji wa usiku: mchana jirani mwema, usiku yuko uchi anarusha mawe juu ya mabati. Wazo linavutia, lakini mimi nalikataa, na sababu ninayo.

Mwaka jana stori ilienea kijijini kwetu kwamba mzee mmoja ni mkimbiaji wa usiku. Jioni moja vijana wakaenda kwake. Mimi nilikuwa natoka shule, nikawafuata, nikaokota jiwe. Tulisema yeye hurushia watu mawe usiku, kumbe usiku huo waliorusha mawe ni sisi. Ndani ya nyumba mjukuu wake alikuwa analia. Asubuhi nilivaa sare, nikaja shule, jina langu likaitwa nikajibu, "Niko, mwalimu," kama kawaida. Sikuhitaji dawa wala rangi.

Kikulacho ki nguoni mwako. Stevenson hakumtoa Hyde kwa jirani, alimtoa ndani ya Jekyll. Tukimfanya Hyde kuwa mzee wa kijiji, tutakuwa tumeipoteza hadithi, na huenda tukamtafutia mtu mawe mengine.

Pendekezo langu ni hili: mwigizaji awe mmoja, mwanafunzi, sare ile ile, uso usiopakwa chochote. Kwanza tuone mkono wake ukiinuliwa kujibu swali darasani, baadaye mkono huo huo umeshika jiwe.

Mzee yule sijamwomba msamaha bado. Nitaenda kabla hatujaanza kupiga picha.

Zoezi
1. Taja tofauti mbili kati ya kitabu na filamu.
2. Je, Hyde wako anatoka saa ngapi?

Mwanachama, Kidato cha Tatu