Somo la Afya: Mimba Inapotunga Nje ya Kizazi

Robo hii tunajifunza jinsi ugonjwa wa mirija ya uzazi unavyoweza kuhatarisha maisha ya mama.

Mirija hufanya kazi gani?
Mwanamke ana mirija miwili, kila mmoja una urefu wa sentimita 10 hivi. Yai hurutubishwa ndani ya mrija, kisha husafirishwa kwa siku chache hadi kwenye kizazi.

Mirija huharibikaje?
Klamidia na kisonono visipotibiwa huweza kupanda hadi kwenye mirija na kuacha makovu. Maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, na hata kifua kikuu, huweza kufanya hivyo pia. Wanawake wengi wenye klamidia hawaoni dalili yoyote.

Mrija ukibanwa na makovu, yai lililorutubishwa huweza kukwama humo. Zaidi ya mimba 9 kati ya kila 10 zinazotunga nje ya kizazi huwa kwenye mirija. Mrija hautanuki kama kizazi. Ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, mahali tusipoiona.

Dalili za hatari
Kukosa hedhi, maumivu chini ya tumbo, mara nyingi upande mmoja, damu kidogo ukeni, maumivu ya bega, kizunguzungu au kuzimia. Mama huyu asisubiri kesho. Mimba hiyo haiwezi kuhamishiwa kwenye kizazi. Ikigunduliwa mapema, huenda dawa zikatosha. Mrija ukipasuka, unahitajika upasuaji wa haraka na mara nyingi kuongezewa damu.

Mama aliyebaki na mrija mmoja mzima anaweza kuzaa. Ila akipata mimba tena awahi kliniki, kwani tatizo huweza kujirudia.

Wajibu wetu
Tusimnyooshee mama kidole. Wengi hupatwa bila chanzo kujulikana. Tuhimize mume na mke watibiwe pamoja. Kila usharika uwe na usafiri wa dharura hata usiku, na orodha ya watu walio tayari kuchangia damu. Wafadhili wetu, chumba cha upasuaji na damu salama ndivyo vinavyookoa maisha hapa.

Maswali ya kujadili
1. Hospitali yenye upasuaji iliyo karibu nasi iko umbali gani?
2. Mama akizimia usiku wa leo, nani atampeleka, na kwa chombo gani?
3. Ni aibu gani inayowazuia wanandoa wetu kwenda kupima mapema?