Herufi za Swafiri Mbele ya Maikrofoni: Mwongozo kwa Watayarishaji wa Vipindi Pemba

Aliyesoma tajwidi anazikumbuka herufi tatu za swafiri: swadi, sini na zai. Zimeitwa hivyo kwa mluzi wake, maana hewa hupenya kwa nguvu katika mwanya mdogo kati ya ulimi na meno. Mluzi huo, pamoja na ule wa sh, ndio unaomkwaruza msikilizaji masikioni.

Nguvu ya s hukaa zaidi kati ya hezi 5,000 na 8,000. Mtambo wa FM huinua sauti nyembamba kabla ya kurusha, kisha redio ya msikilizaji huzishusha; kwa hiyo s iliyonaswa kali ndiyo ya kwanza kupasuka hewani.

Tiba ianzie mdomoni. Weka maikrofoni umbali wa shibiri moja, uielekeze kwenye kona ya mdomo ili mkondo wa hewa upite kando. Mzee aliyeng'oka meno ya mbele hupiga mluzi zaidi. Asirudishwe rudishwe wala asikosolewe matamshi. Kinachosogezwa ni maikrofoni, si mzee. Kabla ya kunasa, jaribu sentensi kama hii: "Saa sita usiku samaki walishushwa Msuka, si Shumba Mjini." Isikilize kwa hedifoni. (P ya Pemba yenyewe ina kasoro yake, ya pumzi kuipiga maikrofoni kama ngumi. Sifongo huisaidia hiyo. Kwa s haina faida kubwa.)

Kichujio cha kompyuta kije mwisho, tena kwa uchache: desibeli 3 hadi 6, pale tu s inapotokea. Ukizidisha, msemaji hutoka na kithembe asichozaliwa nacho, na habari ya samani ikageuka ya thamani.

"Sss" isiyokoma hata msemaji akinyamaza ni jambo jingine. Huenda feni inazunguka, au kiwango cha kunasia kimepandishwa mno kwa kuwa maikrofoni iko mbali. Zima feni, sogeza maikrofoni karibu, ndipo ushushe kiwango.

Kwa mahojiano ya simu, kumbuka kuwa laini ya kawaida hubeba sauti hadi hezi 3,400 hivi. Hapo s hubaki kivuli, na "alimsuta" husikika kama "alimfuta". Mwombe msemaji alirudie neno hilo, na majina ya vijiji, kabla hajakata.